Siku 14 baada ya yai kutoka: namna ya kuzihesabu na kuzisoma bila kujidanganya (mwongozo kamili)

"Dada, leo siku ya tano tangu yai litoke, matiti yanauma, tumbo limejaa, nasinzia hovyo kazini, je nimeshika?"

Hili swali nimeulizwa mpaka nimechoka kulijibu mmoja mmoja, na jibu ni lilelile, siku ya tano hakuna anayejua, hata mwili wako wenyewe haujui bado. Dalili mnaziona, tena mnaziona sana tu. Ila matiti kuuma, tumbo kujaa, usingizi na hasira za ghafla vyote vinaletwa na homoni moja inaitwa projesteroni, na hiyo inapanda kila mwezi yai likishatoka, uwe umeshika mimba au hujashika. Kwa hiyo ukikaa kusoma dalili unapiga ramli. Kinachosomeka ni joto la mwili na hesabu ya siku, na hesabu yenyewe wengi mnaanzia pasipo.

Huu mwongozo ni wa anayetafuta mtoto. Anayetaka kuzuia mimba asitegemee haya peke yake, aende kliniki ya uzazi wa mpango. Na kama uko kwenye vidonge vya majira, sindano au kijiti, chati yako haitakuambia kitu maana kazi kubwa ya hivyo vitu ni kuzuia yai lisitoke, na sindano hasa ukiiacha inaweza kuchukua miezi kadhaa kabla mzunguko haujarudi. P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) nayo inavuruga mwezi mzima, mwezi uliomeza usiuhesabu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kipimajoto cha dijitali cha kuweka mdomoni. Ukipata kinachoonyesha desimali mbili (mfano 36.42) ni kizuri zaidi, ila cha desimali moja cha famasi ya mtaani kinatosha kuanzia. Kile cha bastola cha kupiga kwenye paji la uso hapana, kinayumba sana. Cha zebaki pia kiache, kikivunjika kitandani ni balaa.

Daftari la hesabu lenye viboksi na kalamu za rangi mbili. Apu ya simu sio mbaya kwa kutunza namba, ila utabiri wake tutauongelea hapo chini.

Alamu ya simu.

Vipimo vya mimba vya mkojo viwili. Viwili, sio kumi. Kama unajijua huna uvumilivu mpe mtu akutunzie, mimi nilimpa mume wangu akae navyo kazini kwake.

Vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, unaanza tangu unatafuta, usisubiri kushika. Kama una kifafa, kisukari au umewahi kupata mtoto mwenye tatizo la uti wa mgongo muulize daktari kwanza, dozi yako inaweza kuwa tofauti.

Chumvi, sukari na dawa ya meno vibaki jikoni na bafuni. Kuchanganya na mkojo uone povu hakupimi mimba.

## Hatua ya 1: Andika siku ya kwanza, alafu usiiamini apu

Siku ya kwanza ya mzunguko ni siku damu imetoka kweli, ya kuhitaji pedi. Matone ya kahawia ya jana yake usiyahesabu.

Sasa apu. Apu nyingi zinachukua urefu wa mzunguko zinapiga hesabu tu, na ukiwa mgeni zinakuwekea mzunguko wa siku 28 na yai siku ya 14. Kinachobadilika sana kati ya mwanamke na mwanamke ni nusu ya kwanza, kabla yai halijatoka. Nusu ya pili kwa wengi inakaa siku 12 mpaka 14, na kati ya 10 na 16 bado ni kawaida. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake linatoka kama siku ya 21, mwenye siku 24 linaweza kutoka siku ya 10.

Mimi mzunguko wangu ni siku 32. Miezi minne mfululizo apu iliniambia yai siku ya 14, nikawa napima mimba siku ya 28 asubuhi na mapema, naona mstari mmoja, nalia, alafu siku zinazofuata damu haiji, naanza kupata matumaini upya, napima tena, mstari mmoja, nalia tena, mpaka siku ya 33 damu inakuja. Kumbe yai langu linatoka siku ya 19. Ile siku ya 28 niliyokuwa nalia ilikuwa siku ya 9 tu baada ya yai, hata kama ningekuwa nimeshika kipimo kisingeona.

Umefanikiwa kama: una ukurasa wenye tarehe, namba ya siku ya mzunguko, na nafasi ya kuandika joto na ute. Basi.

## Hatua ya 2: Pima joto kila asubuhi kabla hujanyanyuka

Alamu ikilia, kabla hujakaa, kabla ya chooni, kabla ya maji, kabla ya kujibu meseji, weka kipimajoto chini ya ulimi pembeni kabisa kwa nyuma, funga mdomo, subiri kilie. Mimi nilikifunga kwa rababendi kwenye kamba ya neti ili nisikitafute gizani, maana siku nikikiweka mezani nilikuwa nainuka kukifuata na namba inaharibika.

Kwa nini usumbufu wote huu? Mabadiliko tunayoyatafuta ni madogo, kama nyuzi 0.2 mpaka 0.5 hivi. Ukitembea tu mpaka sebuleni joto lako limeshapanda kiasi hicho na hutajua ni yai au ni miguu.

Mambo ya kuzingatia:

- Saa ileile kila siku, ukipitiliza au kuwahi isizidi nusu saa. Wikendi ukilala mpaka saa tatu, namba itakuwa juu, iandike ila izungushie duara.
- Uwe umelala angalau masaa matatu mfululizo. Wenye zamu za usiku, manesi na walinzi, pimeni baada ya usingizi wenu mrefu hata kama ni saa nane mchana, ilimradi iwe hivyo kila siku. Zamu zikibadilika kila wiki namba za chati zitayumba ovyo, hapo tegemea zaidi ute.
- Ramadhani pima ukiamshwa daku, kabla hujakaa kitako, hiyo ndo namba ya siku hiyo. Usipime tena baada ya kurudi kulala ukachagua iliyokupendeza.
- Pombe ya jana, homa, mafua, usiku wa mtoto kulia, vyote vinapandisha. Namba ikifika 37.5 na kuendelea usishangilie projesteroni, kapime malaria.

Umefanikiwa kama: nusu ya kwanza ya mwezi namba zinacheza chini chini, kwa wengi 36.1 mpaka 36.4, na zinapanda na kushuka kidogo bila mpango. Kupanda na kushuka kidogo ni kawaida, usibadilishe kipimajoto.

## Hatua ya 3: Fuatilia ute

Ukienda chooni jifute na tishu nyeupe kabla ya kukojoa uone kilichopo. Siku za kuelekea yai ute unakuwa mwingi, wa kuteleza, unavutika kati ya vidole viwili kama ute wa yai bichi la kuku. Yai likishatoka unakatika ndani ya siku moja au mbili, unabaki mzito mweupe wa kunata kama krimu, au panakauka kabisa.

Huo mkato ndo tunaoutaka. Siku ya mwisho ya ute wa kuvutika iwekee nyota, kwa kawaida yai linatoka hapohapo au siku inayofuata.

Usijioshe ndani kwa sabuni wala kujifukiza, unafuta ushahidi wako mwenyewe na unakaribisha maambukizi. Na ute mweupe wa mabonge kama mtindi unaowasha, hiyo ni fangasi. Wa kijani, wa njano iliyoiva au wenye harufu kali, nenda hospitali, usiuandike kwenye chati kama dalili ya uzazi.

Kuhusu vile vipimo vya mkojo vya kuonyesha yai, vinapima homoni ya LH inayopanda kabla ya yai. Mara nyingi yai linatoka ndani ya masaa 24 mpaka 36 tangu LH ianze kupanda. Ni vizuri kwa kupanga tendo, ila havithibitishi kwamba yai limetoka kweli. Wenye PCOS (tatizo la homoni linalovuruga utokaji wa mayai) hasa wanaweza kupata mistari mikali mara tatu kwa mwezi na yai lisitoke hata moja.

## Hatua ya 4: Thibitisha kwamba yai limetoka

Hapa ndo wengi wanaporuka, wanaanza kuhesabu siku za baada ya yai bila kujua kama yai lenyewe limetoka.

Kanuni ni hii: tafuta joto la siku tatu mfululizo ambalo kila moja ni juu kuliko namba zote sita za kabla yake, na ile ya tatu iwe imeizidi kubwa kuliko zote kati ya hizo sita kwa angalau 0.2. Nakuwekea ukurasa wangu mmoja:

Siku ya 14: 36.2
Siku ya 15: 36.3
Siku ya 16: 36.1
Siku ya 17: 36.3
Siku ya 18: 36.2
Siku ya 19: 36.2 (ute wa kuvutika, wa mwisho)
Siku ya 20: 36.5
Siku ya 21: 36.5
Siku ya 22: 36.6

Sita za kwanza, kubwa ni 36.3. Chora mstari hapo kwa kalamu ya rangi nyingine. Tatu zinazofuata zote ziko juu ya mstari, na ya mwisho 36.6 imezidi kwa 0.3. Imepita. Yai lilitoka siku ya 19, tukikosea ni kwa siku moja huku au kule. Siku ya 20 ndo inaitwa siku ya 1 baada ya yai.

Ona kwamba nilijua siku ya 22, yai lishatoka zamani. Joto linathibitisha yaliyopita, halitabiri, kwa hiyo usisubiri joto lipande ndo ukutane na mwenzio, utakuwa umechelewa. Siku nzuri ni zile za ute, maana mbegu za kiume zinaweza kuishi humo mpaka siku tano.

Kama mwezi mzima joto halikupanda, inawezekana mwezi huo yai halikutoka. Mwezi mmoja sio wa kuogopa, stresi, safari au ugonjwa vinaweza kuchelewesha au kuzuia. Miezi miwili mitatu mfululizo, beba daftari nenda kwa daktari.

## Hatua ya 5: Jua kinachoendelea ndani, siku kwa siku

Siku ya 1 mpaka 3. Yai linaishi masaa 12 mpaka 24 tu, likikosa mbegu limekwisha. Pale kwenye ovari lilipotokea panabaki kifuko kidogo cha manjano, na hicho ndo kinaanza kutengeneza projesteroni. Utaona ute umekata, joto limepanda, na yale maumivu ya upande mmoja wa kinena uliyoyasikia juzi yameisha. Wengine wanapata nguvu na furaha siku hizi, wengine hawasikii chochote, yote sawa.

Siku ya 4 mpaka 6. Hapa ndo swali la juu lilipotokea. Projesteroni inapanda kwa kasi. Matiti yanajaa na chuchu zinauma ukiguswa na sidiria. Misuli ya utumbo inalegea, chakula kinapita taratibu, ndo maana gesi, tumbo kujaa na choo kigumu, sketi ya Jumatatu haifungi Alhamisi. Usingizi nao, maana hii homoni inalegeza mpaka kichwa. Hamu ya kula inaongezeka.

Sasa sikiliza. Kama yai lilirutubishwa, siku hizi kijusi ni kijipunje kinachosafiri kwenye mrija, kinafika kwenye mfuko wa uzazi kama siku ya 4 au ya 5 na bado kinaelea, hakijajishikiza popote. Homoni ya mimba inaanza kuingia kwenye damu yako kikishajishikiza. Kabla ya hapo hakijakutumia salamu yoyote, kwa hiyo matiti ya siku ya 5 hayawezi kuwa matiti ya mimba hata kama mimba ipo.

Siku ya 7 mpaka 10. Projesteroni iko kileleni. Kujishikiza kunaweza kuanza siku ya 6 na kufika mpaka ya 12, ila kwa mimba nyingi ni siku ya 8 mpaka ya 10. Watu wanatafuta ile damu kidogo ya kujishikiza kwa tochi ya simu, na nakuambia ukweli wengi walioshika hawakuiona, na wengi walioona matone hawakushika. Joto kushuka siku moja katikati hapa alafu kupanda tena, hiyo nayo inatokea kwa walioshika na wasioshika. Usichore moyo kwenye daftari.

Siku ya 11 mpaka 14. Njia mbili zinaachana hapa. Hakuna mimba, kile kifuko kinanyauka, projesteroni inaporomoka, joto linashuka siku moja mbili kabla ya damu au siku ileile, kichwa kinauma, chunusi kidevuni, unagombana na kila mtu nyumbani. Mimba ipo, homoni ya mimba inakizuia kifuko kisife na joto linabaki juu. Maumivu ya tumbo kama ya hedhi yanaweza kuwepo kote kuwili, ndo maana nasema hayasomeki.

Ukihitaji dawa ya maumivu siku hizi za kusubiri, anza na paracetamol. Diclofenac na ibuprofen kwa anayetafuta mimba ziache mpaka uongee na daktari.

Sio dalili za kusubiri, nenda hospitali leo: maumivu makali ya tumbo la chini, hasa ya upande mmoja yasiyoisha, kizunguzungu au kuzimia, maumivu ya bega yasiyoeleweka pamoja na damu kutoka, au homa na tumbo la chini kuuma. Mimba ya nje ya kizazi inaweza kuwepo hata kama unaona damu ukadhani ni hedhi.

## Hatua ya 6: Kama umeandikiwa kipimo cha projesteroni

Hii ni fupi ila imewaliza wengi. Kinaitwa kipimo cha siku ya 21, na jina lenyewe ndo mtego, kwa sababu limepangwa kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai siku ya 14, jumlisha 7. Mimi niliambiwa niende siku ya 21, nikaenda, majibu yakaja chini, nikaambiwa "hupevushi mayai" nikarudi nyumbani kwenye daladala najificha uso. Siku ya 21 kwangu ilikuwa siku ya 2 baada ya yai, projesteroni ilikuwa ndo kwanza inaanza kupanda!

Nenda siku ya 7 baada ya yai lako wewe. Kwangu ni siku ya 26. Mwonyeshe daktari chati, na mwambie mapema kama mzunguko wako sio wa 28.

Umefanikiwa kama: kwenye karatasi ya majibu umeandika siku ngapi baada ya yai. Bila hiyo ile namba haina maana.

## Hatua ya 7: Pima mimba siku inayostahili

Siku ya 14 baada ya yai, asubuhi, mkojo wa kwanza, kabla hujajaza tumbo maji. Homoni ya mimba mwanzoni inaongezeka karibu mara mbili kila siku mbili hivi, kwa hiyo kipimo cha siku ya 10 na cha siku ya 14 ni vitu viwili tofauti kabisa.

1. Angalia tarehe ya kuisha kwenye paketi.
2. Kojoa kwenye kikombe safi, kikavu, kisicho na mabaki ya sabuni.
3. Chovya kijiti mpaka kwenye alama, usivuke.
4. Kilaze, soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye paketi, nyingi ni 3 mpaka 5.

Mstari uliotokea baada ya nusu saa, au ule wa kijivu usio na rangi uliouona ulipokiokota kwenye ndoo ya taka jioni, haupo. Mstari hafifu lakini wenye rangi, uliotokea ndani ya muda, huo upo, rudia baada ya siku mbili uone ukikolea. Mstari wa kipimo chenyewe (ule unaotakiwa kutokea kila mara, uwe na mimba au huna) usipotokea, kijiti kibovu.

Mstari mmoja na damu haijaja? Rudia baada ya siku mbili tatu. Waliochomwa sindano ya HCG (ndo hiyohiyo homoni ya mimba) ya kutoa yai wasipime kabla daktari hajawaambia, kipimo kinaweza kuiona sindano wakadhani ni mtoto. Na mliopewa projesteroni ya kuweka au kumeza, hiyo inaleta matiti kuuma na inachelewesha damu bila mimba, aminini kipimo tu.

## Hatua ya 8: Funga ukurasa

Damu imekuja. Hesabu siku kuanzia siku ya 1 baada ya yai mpaka siku ya mwisho kabla ya damu, andika juu ya ukurasa. Mimi ni 13 karibu kila mwezi, na hiyo namba ni dhahabu, maana mwezi ujao nikivuka 13 najua nimechelewa kweli. Ikiwa chini ya 10 miezi kadhaa, mpelekee daktari. Vilevile mkifika mwaka mmoja mnatafuta bila mafanikio, au miezi sita kama una miaka 35 na kuendelea, nendeni wote wawili. Wote. Mwanaume naye apime mbegu mapema, sio wewe uchomwe sindano na upigwe picha mwaka mzima alafu yeye aje kupimwa mwisho.

Joto limebaki juu siku 18 na damu hakuna. Uwezekano wa mimba ni mkubwa sana, pima hata kama ulisema utasubiri. Ikiwa mistari miwili, endelea na foliki asidi, anza kliniki kabla ya wiki 12, na daftari nenda nalo. Kliniki wanahesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo sisi tunaochelewesha yai, ultrasaundi ya mapema inaweza kuonyesha mtoto mdogo kuliko hesabu yao. Yangu ilionyesha mdogo kwa siku tano. Nesi alikunja uso, nikamfungulia ukurasa, siku ya 19, akahesabu na kidole viboksi vyake mwenyewe, akafuta tarehe aliyokuwa ameandika kwenye kadi akaweka nyingine.